Jina la Mtu wa Nane

Jumamosi, 1 Septemba 2018
Mhakiki Leonce Malteras ameniandika gazetini. Nusu ukurasa mzima! Na picha wameweka ile ya zamani, shavu limevimba kwa jino.

"Mashairi ya Nikson," anasema, "ni orodha ya mahudhurio iliyopigiwa gitaa." Kisha anauchambua wimbo wangu wa boti. Watu saba wana majina, wa nane ni "yule aliyeshika usukani" tu. "Mtunzi asiyeweza kukumbuka majina manane arudi chekechea."

Chekechea! Mimi, mwaka wa ishirini na mbili kwenye bendi!

Bendi zetu hutaja watu. Ndivyo tulivyokuta. Ukitukaribisha kijijini kwako, jina lako linaingia kwenye wimbo na mjukuu wako atalisikia. Leonce kasoma Numea, kwa Wafaransa, anataka mwezi na machozi.

Jumapili, 2 Septemba
Baada ya ibada Wilton, mpiga besi wetu, kaniita mbele ya watu: "Mwanachekechea, shikamoo!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Moyoni nilitamani kumvunjia lile sanduku lake la besi.

Mke wangu Dorin amelisoma gazeti. Najua, maana limekunjwa vizuri kuliko nilivyoliacha. Atasema nini? Wa nane ni kaka yake. Boti lilipopinduka aliwafunga wengine kwenye madumu matupu, watoto kwanza. Madumu yalikuwa saba.

Kwao, visiwa vya Banks, mume halitamki jina la kaka wa mkewe. Awe hai, awe marehemu. Hata hapa kwenye daftari, asiposoma mtu, kalamu inagoma. Ukiteleza unatoa nguruwe na mikeka, na aibu unabaki nayo. Dorin naye halitamki, kwao dada humheshimu kaka hivyo hivyo. Miaka mitatu nyumba hii haijalisikia jina lile.

Nimelisahau! Eti nimelisahau!

Jumatano, 5 Septemba
Redio wamenialika Ijumaa, mimi na Leonce pamoja. Dorin hataki.

"Baba Rinet, yule kazi yake maneno. Wewe unakwenda kutafuta nini?"

"Heshima yangu."

"Heshima haiokotwi redioni."

Nitakwenda.

Ijumaa, 7 Septemba
Nimelisema.

Nilianza vizuri. Nilieleza bendi zetu, nikapiga kidogo. Mtangazaji akafurahi. Leonce mguu juu ya mguu, anatabasamu. Akaniuliza mtu wa nane ni nani. Nikamwambia mila hainiruhusu. Angeishia hapo! Akasema, "Au mnamficha? Mimi nimesikia mshika usukani alikuwa amelewa kava."

Damu ikanipanda kichwani. Nikapiga meza. Nikasema hakulewa, hakuwahi kuigusa kava maishani mwake, na nikalitaja jina lake. Lote. La ubatizo na la kwao. Hewani, visiwa vyote vikisikia.

Leonce akasema, "Asante. Si lilikuwepo?"

Hasira hasara, niliwaimbia wenzangu mara ngapi? Nimerudi nyumbani kwa miguu. Dorin alikuwa amezima redio. Mlango wa chumba umefungwa.

Jumamosi, 8 Septemba
Chakula changu mezani, Dorin kala jikoni.

Leonce kaandika tena. Mistari minne. "Hatimaye mtunzi amekumbuka. Wimbo umepona." Umepona! Vijana wa mtaa wa Siisaidi wanauimba tangu asubuhi, jina limo ndani. Mji mzima unaweza kuuimba hivyo isipokuwa mimi niliyeutunga. Namchukia yule mtu. Najichukia zaidi.

Mjomba wake Dorin, mzee Eldad, kapiga simu kutoka kisiwani. Faini yangu: nguruwe mwenye meno yaliyopinda, mikeka kumi. Wanakuja na meli, yeye na mama mkwe. Mama alikuwa anakuna nazi redio ikisema. "Aliiweka chini," kaniambia mzee, "mpaka leo iko pale pale."

Alhamisi, 20 Septemba
Mama mkwe amefika. Amekonda. Mimi na yeye hatuketi pamoja wala hatusemezani, maneno hupita kwa Dorin. Na hakuna yaliyopita. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 22 Septemba
Nguruwe nimemkabidhi asubuhi. Mikeka kumi, mmoja kachangia Wilton bila kuombwa, na utani wake leo kauacha kwao. Mzee Eldad akaweka mkono juu ya rundo, akasema, "Yamekwisha, mwanangu." Laplap ya viazi vikuu imeliwa. Nikadhani nitapumua.

Kisha akasema, "Sasa tupigie ule wimbo."

Nikakataa. Nikasema wimbo ule Leonce ameuua na mimi nimeuzika, siupigi tena. Nikaja huku nyuma ya jiko. Dorin akanifuata. Mara ya kwanza ananitazama usoni tangu siku ile.

"Mama anataka uuimbe. Ukifika kwa wa nane, usiseme usukani, usiseme chochote. Nyamaza, magitaa yaendelee. Atalitaja yeye."

"Kwani mama huwa analitaja?"

"Yeye hakatazwi. Ila hajalitaja. Tangu boti."

Akarudi kwa wenzake.

Naandika nikiwa nimekalia gunia la mchele. Wilton anajaribu besi. Toka hapa namwona mama mkwe katandika mkeka mbele kabisa, miguuni pa bendi, karibu na nitakaposimama kuliko ilivyowahi kuruhusiwa. Mikono kaikaza mapajani. Midomo inacheza, hakuna sauti.

Wananiita. Saba wale nitawamaliza haraka, wako ulimini. Wa nane sijui nizungushe magitaa mara ngapi nikimsubiri mama.