Mama, Siku Ile Sikuwamo Chumbani

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mwaka wa pili huu nakuamkia bila ya kuitikiwa, na bado ulimi wangu haujui kuanza vyengine. Niko Nizwa, katika nyumba ile ile uliyoisema jiko lake dogo. Leo Jumamosi, sina skuli ya kusomesha. Nimekaa na karatasi kwa sababu nina khofu, na mtu wa kumwambia sina.

Khofu yenyewe ni Nasra. Mdogo wangu huyu uliyeniachia yuko Uingereza, mwaka wake wa kwanza wa masomo, na juzi amenitumia ujumbe wa sauti. "Dada, naomba radhi yako. Nataka kwenda mji mmoja wa pwani, siku mbili tu, peke yangu, na begi langu la mgongoni." Hilo la peke yangu alilipitisha haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Baba hayupo, wewe hupo, na radhi ya safari katika nyumba yetu sasa naitoa mie. Nikimkatalia, hatokwenda, au atakwenda kwa kunificha. Nikimkubalia na likamfika la kumfika, nitakuwa nimemtoa mwenyewe kwa mdomo wangu. Siku mbili sijamjibu.

Wewe ungejua la kufanya. Ungemshikia msahafu mlangoni apite chini yake mara tatu, ungemfukiza ubani mpaka akohoe, halafu ungekwenda kulia jikoni ukisingizia vitunguu. Mie uliniaga hivyo hivyo pale Ibra, asubuhi niliyokwenda kusoma huko huko Uingereza. Ukaniambia, "Popote utakapokwenda, nambie kwanza. Sitokukataza. Nataka nijue tu dua yangu niipeleke wapi." Nikakuitikia naam, naam, macho yangu yako kwenye gari.

Sasa sikiliza, Mama. Kuna siku sikukwambia.

Ilikuwa mwezi wangu wa tano kule. Nilikuwa nimechoka kukaa na watu. Unajua maisha ya Ibra yalivyo, msichana akikaa saa moja peke yake, huja mtu kumuuliza anaumwa nini. Nikataka siku mbili nisiwe binti wa mtu wala mwenzake mtu. Nikatia nguo katika begi la mgongoni, nikapanda treni mpaka mji mdogo wa baharini ambao hata jina lake sikupata kulisikia kabla ya wiki ile. Nikafikia nyumba ya wageni yenye vitanda vya juu na chini, mwanamke mwenye nyumba akanipa shuka na ufunguo, hakuniuliza mie mtoto wa nani. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilikula viazi vya kukaanga vilivyolowa siki, nimesimama njiani, shakwe wananikodolea macho, na wazee wa kizungu wamejifungia ndani ya magari yao wanaitazama bahari kama wanaotazama televisheni.

Jumamosi asubuhi nikateremka ufukweni. Bahari ilikuwa imetoka mbali, huioni ila mstari mweupe. Iliyobaki ni mchanga mtupu mpaka macho yanachoka. Nikaona kama niko kwetu.

Unakumbuka Baba alipokuwa akipeleka watalii kambini jangwani, kule Al Mintirib, na siku zake za mapumziko akatupakia sisi? Mvua ikipita alikuwa akifurahi kama mtoto. Akituonyesha mchanga uliokoza rangi, akisema huu umelowa, umeshikana, tutapita popote. Ule mkavu mweupe ndio uliokuwa ukizamisha magari ya watu. Basi mie, mtoto wa Ibra, nani wa kunifundisha mchanga? Kibao cha onyo nilikiona. Nikadhani cha wanaoogelea, nikasema mie siogelei. Nikauacha mchanga mkavu ulioko karibu na ukuta, nikaufuata ule mweusi unaong'ara, mbali kabisa, najiona mjanja.

Mguu wa kulia ukaingia mpaka kifundoni. Nikaukazania nipate kuuvuta, wa kushoto ukaingia mpaka gotini. Nikivuta huu unazama ule. Mchanga ule haukuwa mchanga, ulikuwa uji mzito unaobana. Joho langu refu likalowa, likawa linanivuta chini na begi linanisukuma kwa nyuma. Nikageuka kutazama ule mstari mweupe, nikauona si mstari tena. Nikauona unatembea.

Hapo simu ikalia mfukoni. Ulikuwa wewe, Mama. Jumamosi baada ya Alasiri ya huko kwetu, kule nilipo hata Adhuhuri bado, wakati wako wa kunipigia. Nikaipokea, kwani nilijua nisipoipokea utapigia dunia nzima.

"Uko wapi?" ukaniuliza.

"Niko chumbani, Mama. Nasoma."

"Mbona unahema hivyo?"

"Nimepanda ngazi sasa hivi."

"Umekula?"

"Nitakula."

Kisha ukasema, "Haya mwanangu, soma. Radhi zangu ziko juu yako." Ukakata. Na mie nimezama mpaka mapajani, sina hata mmoja duniani anayejua nilipo.

Nilikuwa na khofu ya kufa, tena kubwa, lakini ilikuwapo nyengine iliyoipita. Nilifikiri watakupigia simu. Watakwambia binti yako ameokotwa mahali fulani, na wewe utawaambia hapana, mmekosea, wangu yuko chumbani kwake, nimesema naye sasa hivi. Utabishana nao. Nilikuona ukibishana nao, umesimama pale penye jokofu, kanga begani. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Akaja mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake. Akasimama mbali kidogo, akanipigia ukelele, "Lala! Lala chali!" Mama, sikulala. Mwanamume nisiyemjua, pahala hapana mtu, ananiambia nilale. Nikazidi kujivuta, nikazidi kuzama. Akarudia mara ya tatu, na safari hii nikasikia sauti yake inatetemeka, nikajua na yeye ameingiwa na khofu kama mie. Akavua koti lake, akalitandika juu ya mchanga, akalala yeye mwanzo juu yake kunionyesha. Ndipo na mie nikalala. Akanirushia kamba ya mbwa, imejaa mate, nikaikamata kwa mikono miwili. Miguu ilitoka polepole, mmoja mmoja, kiatu kimoja kikabaki. Tulipofika kwenye ukuta, pale nilipokuwa nimezama palishafunikwa na maji.

Yule mzee hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu, kama sikujua bahari inarudi saa ngapi. Nikaona aibu, kwa kuwa hilo wewe ulikuwa ukilijua tangu mtoto. Mara ngapi umetuhadithia mlivyokuwa mkitoka na bibi, Unguja, maji yakipwa, kuokota kombe na kutafuta pweza, na bibi anavyowageuza mrudi kabla hamjaona dalili yoyote ya maji kujaa? Kwangu zilikuwa hadithi za watu wazima. Ningekwambia ninakokwenda, ungeniuliza khabari za maji kabla ya kuniuliza nitalala wapi. Ya Baba niliyachukua, yako sikuyauliza. Usiku ule niliikosha mikono mara saba kwa ajili ya mate ya mbwa, mojawapo kwa mchanga kama tulivyofundishwa. Mchanga nilikuwa nao wa kutosha masikioni.

Nikanyamaza miaka yote. Hata siku zako za mwisho ulipotuita kitandani, ukasema lolote tulilokukosea umetusamehe. Nasra akalia. Mie nikakubusu mkono na moyo ukanambia, amesamehe asichokijua.

Ngoja, Alasiri inaadhiniwa.

Nimerudi, Mama. Nimesali, kisha nimempigia Nasra. Sikumpa jibu kwanza. Nilimhadithia yote niliyokuandikia hapa, mpaka la mbwa, na hata hilo la mbwa hakulicheka. Nikamwambia, "Radhi yangu unayo, lakini nina khofu, na sitoificha."

Akasema, "Dada, nimeshakuja. Tangu jana niko huku pwani."

Nilikuwa na maneno makali tayari, nimeyarithi kwako yote, wallahi nikayameza. Nikamuuliza, "Hapo ulipo ni wapi?"

"Mchangani. Natembea tu."

"Maji yako wapi?"

"Mbali."

"Yanatoka au yanakuja?"

"Sijui."

"Pana mtu karibu?"

"Yuko bibi na wajukuu zake."

"Muulize. Usikate simu."

Nikamsikia akiuliza kwa Kiingereza, kwa adabu, kama ulivyomlea. Kisha akarudi kwangu na sauti nyengine. "Anasema yanakuja. Wao wenyewe wanaondoka."

"Fuatana nao," nikamwambia. "Pita wanapopita. Na usinyamaze, sema lolote."

Akasema lolote. Akanihadithia mtihani wake, akanihadithia mwenzake wa chumbani anayekoroma, na mie nimesimama katikati ya jiko, mkono mmoja nimeukamata mlango. Dakika ngapi sijui. Khofu niliyokuwa nayo, Mama, sikuwahi kuwa nayo hata siku ile nilipokuwa nimezama mwenyewe. Kisha nikamsikia anapanda ngazi za mawe, anahema. Safari hii nilijua kwa nini mtu anahema.

Sasa amekaa juu, anakunywa chai, na jioni atapanda treni. Ameniahidi atanipigia akifika. Namngoja, na sitaki mtu aniondolee khofu hii. Ni yangu, amenipa mwenyewe. Yako, siku ile, nilikunyima. Nilikuacha pale nyumbani umestarehe, unadhani mwanao anasoma, ilhali ilikuwa haki yako kusimama na mie na kutetemeka.

Nisamehe kwa hilo, Mama. Si kwa jumla. Kwa hilo.

Mwanao wa kwanza