Baba, Nilikataa Kutia Sahihi

Baba yangu,

Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike hapa Busibwabo, na sijui nikae au niende wapi.

Unakumbuka likizo ile nilipokukuta kwenye gereji yako ya Malaba, uko chini ya lori la mafuta? Uliniuliza, "Hiyo mashine yenu huko ng'ambo, kwani itawashwa lini?" Nikachuchumaa nikakueleza habari ya tanuri letu, linalojaribu kuunganisha haidrojeni kama jua linavyofanya, litupe umeme. Kazi yangu ilikuwa kupanga miezi ya mwanzo, ya kuliwasha kwa haidrojeni ya kawaida tu, kabla ya ile nzito iliyo fueli yake.

"Si mtie fueli yenyewe mara moja?"

"Tukishatia, Baba, kuta za chuma zitaanza kutoa mionzi. Hakuna mtu ataingia tena kurekebisha kwa mikono. Kasoro lazima tuzione mapema."

Ulitoka chini ya lori unacheka. "Basi msikimbizwe na mtu, mama."

Tulikimbizwa. Ulipolazwa Busia, wakubwa walitaka miezi hiyo ikatwe nusu, nami nilikuwa nikiitetea kila siku mkutanoni. Ukapiga simu mwenyewe, sauti imekwisha. "Mama, njoo nikuone."

"Nipe wiki moja tu nimalize huu mpango."

"Sawa. Kazi ni kazi."

Hukuimaliza wiki hiyo. Na miezi waliikata.

Baada ya mazishi, watu hawajaondoka hata uani, wakubwa waliniandikia wakitaka sahihi yangu: nikiri kwamba majaribio waliyoyafuta hayakuwa ya lazima. Nilikaa na karatasi hiyo siku nyingi. Juzi nikajibu kwamba siwezi. Jana wakaniletea mistari miwili: mwingine atatia sahihi, nami nisirudi.

Mama ananiuliza naondoka lini. Namwambia, "Bado kidogo," kisha najifungia chumbani nalia na mto mdomoni asinisikie. Miaka yote ile ya kusoma, Baba. Siku moja watalijaza tanuri fueli, na kasoro ambayo majaribio yale yangeionyesha mapema ikijitokeza, hakuna mkono utakaoifikia. Hilo linaninyima usingizi. Lakini linalonimaliza ni ile simu. Nilikuwa na nauli. Ndege ilikuwepo jioni hiyo hiyo.

Ulikuwa hujawahi kuniomba kitu.

Ni mimi, binti yako, niliyekwambia usubiri.