Salfa kwenye Trei za Okidi

Jumatatu, 8 Julai 2024

Trei ya pili ina kitu cheupe. Nyuzi nyembamba juu ya majani yaliyooza, zimejitandaza mpaka pembeni. Moyo ulinipasuka! Mimi ni mtoto wa shamba la korosho, ubwiri naujua, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mikorosho. Leo uko kwenye ua moja, wiki ijayo mti mzima hauna ua.

Mzee Gasper, mlinzi wetu hapa bustanini, kachungulia, kasema yeye ni mtu wa geti. Haya, asante kwa msaada.

Naogopa. Trei za okidi ni sita tu, na mbegu za ua hili la porini hazipo tena popote. Kile kichaka cha Masasi tulikozichuma, chini ya mlima, wamekifyeka na kukichoma wapande mikorosho. Dokta Yasmini, mtafiti mkuu wa bustani hii, alinikabidhi trei mwenyewe kabla hajarudi Dar. Alisema, Shakila, okidi zilizobaki ndizo hizi.

Jumanne, 9 Julai

Nimeimaliza kazi. Jana jioni niliomba kwa Baba kikombe kimoja cha salfa, ule unga wa njano wa kuua ubwiri. Shamba lake limepakana na bustani na huu ndio msimu wake wa kupuliza, hakuuliza ni ya nini. Nikaifunga kwenye kitambaa chepesi, nikagongagonga juu ya trei asubuhi na mapema, umande bado upo, vumbi lishike. Ndivyo alivyonifundisha tangu mdogo. Trei tano zimepata. Ya sita salfa iliisha, nikaisogeza kule kwenye kona isiambukizwe.

Leo nimekula nikashiba.

Alhamisi, 11 Julai

Dokta kapiga simu. Salamu, habari za Baba, maji ya kumwagilia tunapata wapi siku hizi. Halafu — umeona nyuzi nyeupe? Kabla sijajibu kaendelea, anaongea kwa furaha. Hizo nyuzi ni kuvu, kasema. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba. Punje ya mtama inaondoka na chakula chake cha kuanzia, hii haina kitu. Kuvu inaiingia ndani, nayo inakula kutoka kwenye hizo nyuzi, inavimba, inakuwa kitufe kisicho na jani wala mzizi. Miezi mingi inalishwa hivyo hivyo. Ndiyo maana tulibeba majani na udongo wa kulekule Masasi, kuvu yake imo humo. Ukiziona usiziguse, hilo ndilo ziwa la mama yao.

Nikasema bado sijaona.

Kwa nini nimesema hivyo? Mdomo umejisemea wenyewe. Nikakata simu, ikaniponyoka ikatumbukia kwenye ndoo tupu. Salfa kazi yake ni kuua ukungu. Ndicho tunachoinunulia! Nimewapaka sumu watoto wakiwa wananyonya.

Ijumaa, 12 Julai

Sijala. Baba kauliza, ile salfa ilifaa? Nikamweleza yote. Kasema mwambie Dokta mwenyewe mapema, mwanangu. Nikasema nitamwambia.

Sijampigia.

Jumapili, 14 Julai

Nimechukua lenzi. Trei ya kwanza mpaka ya tano, nyuzi zimesinyaa, ni za kijivu, ukizigusa zinakatika. Vitufe vichache vilivyoanza vimekuwa kahawia. Ya sita nyuzi ni nyeupe pe pe pe, ziko hai. Vitufe kumi na kimoja, vidogo kuliko kichwa cha pini. Kimoja kina ncha ya kijani. Nimelia, sijui ni furaha au ni woga.

Kisha nimefanya mambo ya mwizi. Nimepangusa kingo za trei zote. Ya sita nimeirudisha kwenye mstari na wenzake, isije ikaulizwa mbona ilitengwa.

Jumatano, 17 Julai

Dokta kapiga simu kutoka Nanganga, yuko njiani. Analala Masasi, kesho yuko hapa Kitangari. Nimeandika ujumbe mara tatu, nimeufuta mara tatu.

Alhamisi, 18 Julai

Kafika saa tano. Shikamoo Dokta — marahaba, huku anacheka. Akainamia trei ya kwanza, akanusa, kicheko kikaisha. Akafukua kidogo kwa kidole. Vumbi la njano. Nikafungua mdomo. Lakini yeye alikuwa ameshageuka kutazama mikorosho ya Baba ng'ambo ya uzio. Ni upepo, kasema, nilijua ipo siku utatuletea salfa.

Nikafunga mdomo.

Akaenda kwa Baba mwenyewe, mimi nyuma yake. Shikamoo Baba Shakila, samahani kukusumbua, salfa yako inatufikia bustanini. Baba akanitazama mimi. Kisha akamjibu, basi mistari miwili ya upande huu sitapuliza tena msimu huu. Mistari miwili, na maua ndiyo kwanza yamechanua! Yataungua yote kwa ubwiri. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilidhani limeishia hapo. Dokta karudi na lenzi, kaenda trei moja moja, uso umemsawajika. Kufika ya sita akapiga ukelele. Hii imekula salfa kama wenzake na bado iko hai! Basi kuvu yake ni sugu, kasema. Ataivunja, aigawe kwenye zile tano, leo leo, kabla hazijafa kabisa.

Si sugu. Haijaonja hata chembe. Ikimwagwa mle ndani imekwisha, pamoja na kile chenye ncha ya kijani, na mbegu nyingine haipo duniani.

Saa hizi ni alasiri, Dokta na Baba wako nyumbani wanaswali. Nimebaki kibandani penye trei. Mzee Gasper kaleta karai na kijiko, kavipanga vizuri mezani kama mtu anayeandaa chakula. Kaniuliza, unaumwa? Nimesema ndiyo. Trei ya sita nimeipakata, naandikia kwenye goti la pili. Nikisema, ni kazi yangu imekwenda, na lile neno la Dokta la upepo, na Baba aliyesimama pale akabeba kosa langu. Nikinyamaza —

Nasikia ndala za Dokta. Anazungumza na Baba, wanakuja wote wawili. Anaita kutoka nje, Shakila, mdogo wangu, nitolee ile ya sita. Nimeitika, nimesema naam Dokta, na bado sijainuka, trei iko hapa hapa mapajani na mlango unafunguliwa.