Shule ya Kusema kwa Ruhusa

Papa Prof,

Wamekupa nyumba. Ulipokuwa hai walikunyang'anya hata ufunguo wa ofisi. Sasa umelala kaburini, wamekupa ukumbi mzima wenye jina lako kwa rangi ya dhahabu, na choo cha ndani kinachotoa maji. Nimetaka uzisikie habari hizi kutoka kwangu, msaidizi wako, kabla mmoja wao hajafika huko akakusimulia kwa hotuba.

Bunge la jimbo limepitisha sheria. Chuo chetu cha serikali, ambacho maabara yake haina hata balbu, sasa kina Shule ya Uraia na Uhuru wa Kusema. Nimeisoma sheria yote, maana ulinifundisha kusoma hadi mwisho, hasa penye herufi ndogo. Kifungu cha kwanza kinasema kila mtu chuoni ni huru kusema. Kifungu cha saba kinasema anayetaka kusema apeleke maneno yake kwa katibu siku tatu kabla, pamoja na kopi ya kadi ya uchaguzi, yapigwe muhuri. Ndio uhuru wenyewe huo. Nilicheka hadi mwenye duka la fotokopi akaniuliza kama niko mzima.

Na unajua nani kaiandika? Mkuu wetu wa kitivo wa zamani. Siku hizi ni Mheshimiwa, shingo imejaa, hasemi sentensi mbili bila kujifuta jasho. Ni huyu huyu aliyetia sahihi barua ya kukufukuza, kwa sababu ulimwacha mwanafunzi aulize darasani kwa nini maji ya kisima cha kwao yana ladha ya chuma tangu mgodi ufunguliwe, na kwa nini mkuu wa kitivo anakaa kwenye kamati ya mgodi huo. Swali tu. Wewe hata hukujibu. Ulimwambia alirudie kwa sauti, wa nyuma wasikie. Leo, mwanzoni mwa sheria yake, kaandika kwamba shule hii inaendeleza kazi ya marehemu Profesa. Mtu ana macho makavu, sijapata kuona.

Mkurugenzi ni mpwa wake, bwana mwenye suti nyingi na vitabu viwili, kimoja bado kimo ndani ya nailoni. Aliniita akaniambia kiti cha mwalimu wa kudumu, ninachokingoja tangu kichwa chako kilipokuwa cheusi, ni changu. Nisimame tu siku ya ufunguzi nisome hotuba waliyoniandikia. Humo mlikuwa na sentensi kwamba wewe, ukiwa kitandani mgonjwa, uliibariki sheria hii. Kitandani ulikuwa ukiomba karanga za chumvi, basi.

Nilimwambia nitafikiri. Sikufikiri, Papa Prof. Nilirudi nyumbani nikaanza kujizoeza mbele ya kioo. Nakuandikia hili ili usidhani nawadharau wao peke yao.

Tena kuna jambo sikupata kukuambia. Baada ya lile swali la maji, tume ya chuo ya kukuchunguza iliniita. Waliuliza kama wewe ndiye uliyeleta fujo darasani. Nilikuwa nimekaa safu ya kwanza, nikasema sikumbuki. Ulikaa nyumbani, mtaa wetu wa Kenya hapa hapa mjini, miaka bila kazi, ukifundisha kila Alhamisi uani, lupangoni kwako, yeyote aliyeingia getini, na asiyekupinga hakupewa chai. Nilikuja kila wiki. Hukuniuliza hata siku moja, na mimi sikusema.

Sasa sikia ujinga wa yule mpwa. Kwa kupenda sifa alitaka ufunguzi uwe wa kiasili. Akachapisha vitenge vyenye uso wako, na wa mjomba wake pembeni, na kwenye kadi za mwaliko akaandika kwamba siku hiyo ndiyo ya kumaliza matanga yako. Kasoma wapi huyu? Penye matanga pana watani, na mtani hazuiwi mlangoni. Anamwiga marehemu, anamtukana amtakaye, anachukua kitu chochote mkononi mwa mtu, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Kifungu cha saba hakimfikii.

Basi akaja mtani wako Mama Ngosa, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, wa sokoni, yule aliyekuita mtumwa wake kila asubuhi, nawe ukamjibu kwamba babu yako alimnunua babu yake kwa kikapu cha viwavi wakavu. Alivaa koti lako la kahawia na miwani yako isiyo na vioo, kichwani kajipaka unga. Alichechemea kama wewe. Askari akanyoosha mkono, shangazi zako wakapiga vigelegele, askari akapisha. Mama Ngosa akasimama mbele ya safu ya wakubwa, mikono nyuma, akaanza kama ulivyoanza wewe kila Alhamisi.

"Leo ni nani iko na neno ya kunipinga?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na nusu yetu tulikuwa tunalia. Akamwendea Mheshimiwa.

"Weye ulinifukuza na barua. Sasa unanipa nyumba. Maiti anakalaka mu nyumba?"

Mheshimiwa akacheka. Angefanyaje? Mila ilimshika shingo. Sijawahi kuona meno yakifanya kazi ngumu vile.

Mimi nilikwisha simama kwenye mikrofoni. Mama Ngosa akaipokonya ile karatasi yenye muhuri, akaikunja, akaitia kifuani.

"Ukiitaka, kombola."

Ilikuwa nimpe kitu chochote, hata leso, karatasi irudi. Mheshimiwa alikuwa ananionyesha kwa macho: mpe. Mpwa alikwisha ingiza mkono mfukoni anikombolee, lakini kitu hukombolewa na mwenyewe. Mama Ngosa alinitazama kupitia ile miwani tupu, nikaona haya mbele yako. Nikaacha leso yangu mkobani.

"Papa Prof hakuibariki sheria hii," nikasema. "Aliyeiandika ndiye aliyemfukuza. Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza."

Wakazima mikrofoni. Katika Shule ya Uhuru wa Kusema imedumu sentensi tatu.

Kiti kimekwenda kwa mwingine, na vipindi vyangu vya zamani vimekwenda nacho. Shule ina makochi mapya na haina wanafunzi. Somo la kwanza limeahirishwa kwa sababu hakuna aliyepeleka maneno yake kwa katibu. Ile hotuba Mama Ngosa aliitumia kuwashia mbabula, jiko lake. Anasema ni karatasi nzuri, haikusumbua makala.

Alhamisi iliyopita mke wako alinipa ufunguo wa geti na birika lako. Walikuja watu sita. Niliuliza swali lako, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Mama Ngosa, safari hii bila koti. Aliuliza kwa nini nilingoja ufe. Nikammiminia chai.

Lala, Papa Prof. Huko ukumbini kwao sitakuja kukutafuta. Geti la Kenya litakuwa wazi kila Alhamisi, na tume yoyote ikiniita tena, nakuahidi, nitakumbuka.

Wako, wa safu ya kwanza