Boti Iliyotengenezewa Dallas

Mpendwa Baba Wanja,

Juzi nilikuwa napalilia sukuma wiki nyuma ya jikoni, jembe likagonga kitu cheupe, kigumu. Nikakichimbua. Kipande cha faiba, ile plastiki ya nyuzi za kioo! Miaka yote hii imepita na boti yako bado inaniwasha vidole. Basi nimekaa nikuandikie, kwa sababu kuna mambo sikukuuliza ulipokuwa hai, na kuna moja nimelijua ukiwa umeshatangulia. Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea. Kimeru changu cha Maua ulikiita Kimbeere kilichonyeshewa, nami Kimbeere chako nikakiita Kimeru kilichokaukia juani, kwa hiyo tukakutana katikati.

Unakumbuka siku boti ilipofika? Ni miaka ya tisini, Wanja hajaanza shule. Ulitoka Kiambere juu ya lori la mkaa, umeketi ndani ya boti, umeshika kingo zake kwa mikono miwili kana kwamba lori lingezama. Mtaa wetu wote wa Dallas, hapa Embu, ukatoka kutazama. Mama Njeru, jirani yetu wa ukuta mmoja, alidhani ni josho la ng'ombe. Mzee Nyaga mwenye ploti aliizunguka, akaigonga kwa kidole, akakuuliza polepole, "Hii inaweza beba pombe ya asali, ama itaharibu taste?"

Nami sikungoja tuingie ndani. "Baba Wanja, wewe samaki huli, unasema ni nyoka wa maji. Sasa hii boti ni ya nini?"

"Ni ya mama," ukasema, ukaanza kufungua kamba.

Hapo nikakusaidia na kamba, kwa sababu habari za mama yako nilizijua. Aliishi peke yake Kiambere, na dada yako Rwamba alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto Tana, upande wa Ukambani. Zamani kiangazi kikikolea, mama alivuka juu ya mawe akiwa na fimbo yake, akashinda na binti yake, akarudi. Bwawa la umeme la Kiambere lilipojaa, mawe yakazama. Kuzunguka kwa barabara asingeweza, maana mama hakupatana na magari, hata kufika hapa Embu alitapika njia nzima. Sasa macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kila ulipokwenda kumwona alikuambia neno lile lile: anataka kumwona Rwamba angali anaona.

Boti yenyewe ilikuwa ya mvuvi mmoja aliyetoka Ziwa Victoria akaja kujaribu bahati yake Kiambere. Ilikuwa imepasuka ubavu, akaipindua, mbuzi wa watu wakawa wanalala chini yake. Wewe ulikuwa fundi wa bodi za magari pale mjini, pikapu za miraa za kwetu zikianguka mitaroni ni wewe uliyezirudishia pua. Ukaniambia boti ni pikapu isiyo na magurudumu. Nilitaka kuamini.

Ulivyoisugua kwa msasa! Lile vumbi liliingia kwenye shuka, kwenye unga, kwenye nguo za Jumapili. Familia nzima ilijikuna kanisani mpaka mchungaji akatuuliza baada ya ibada kama tumeingiliwa na upele. Lakini mimi, sitakuficha, nilipenda kutazama. Ulikuwa ukichanganya gundi na ile dawa ya kugandisha kwenye kopo la mafuta ya kupikia, unapaka juu ya kitambaa cha faiba, na kopo linapata moto lenyewe mkononi. Hakuna jiko, hakuna kiberiti, na kopo linachoma! Nilikuuliza moto unatoka wapi. Ukasema, "Hata mimi sijui, Mama Wanja. Inakasirika tu ikichanganywa." Mpaka leo sijapata jibu bora kuliko hilo.

Halafu ikaja siku ya kuijaribu. Hapa ndipo ninapocheka peke yangu jikoni. Hakuna mtu kati yetu aliyeuliza swali hata moja, wote tulijua cha kufanya. Kwetu mtungi mpya hujaribiwaje? Si hujazwa maji? Ukainua boti juu ya mawe mawili, moja mbele na moja nyuma, tukaanza kumimina. Ndoo za nyumba, ndoo za Mama Njeru, pipa la Mzee Nyaga. Maji yakapanda, yakapanda, na chini hakudondoka tone. Mama Njeru akapiga kigelegele. Ukasimama mikono kiunoni, uso umekunjuka vile ulivyokuwa siku Wanja alipozaliwa, na papo hapo tukasikia kitu kikilia, kraa! Boti ikavunjika tumboni kama muwa. Maji yakaenda moja kwa moja jikoni kwa Mama Njeru, yakambebea kuni.

Mvuvi aliposikia alikuja mwenyewe Dallas kutazama. Alicheka hadi akaketi chini. "Nyinyi watu wa kahawa! Boti haiwekwi maji ndani. Maji ya boti iko nje!"

Nimeliwaza neno hilo mara nyingi. Sisi tumekulia nchi ya kutafuta maji au ya kuyachimbia mifereji, na kila chombo tulichokijua kilikuwa cha kuyazuia yasitoke. Nani angetufundisha chombo cha kuyazuia yasiingie? Wewe hukucheka naye. Nikaogopa utaniambia basi. Kesho yake ukarudi na msasa. Mvuvi akakuonyesha jinsi ya kulaza mbao ndani kama mbavu, ukazifunika kwa faiba, na safari hii boti ilirudishwa Kiambere, ikajaribiwa pale panapostahili, juu ya maji.

Asubuhi ya kuvuka nilibaki ukingoni na Wanja, maana mimi maji yaliyosimama siyaamini. Mvuvi alishika kasia moja, wewe la pili, na mama akakaa katikati na shuka lake begani. Mzigo wake uliupakia wewe. Ulikuwa mkubwa: kigoda chake, chungu chake, blanketi, hata jiwe la kusagia ugoro. Nikajiuliza mgeni wa siku moja anapeleka wapi jiwe. Nilipunga mkono mpaka mkawa doa dogo kwenye maji, kisha mkaingia kwenye miti ya ng'ambo.

Jioni mkarudi wawili. Ukaifunga boti, ukanawa uso bwawani, ndipo ukaniambia, "Amekataa kurudi."

Watu walisema, unajua walivyosema. Mama hukaa kwa kijana wake, hakai kwa mkwe. Walikuuliza sokoni kama ulimnyima chakula. Wewe ukaendelea kuchagua nyanya. Krismasi ulivuka na sukari na majani ya chai, ukarudi. Lakini kila Jumamosi ulipanda gari la Kiambere. "Naenda kuangalia boti," ulikuwa ukisema, na mimi nikashangaa ni boti gani hiyo inayoangaliwa kila wiki kama mgonjwa. Nilidhani umeanza kuvua. Nilidhani mengine pia, ya wanawake, nisamehe. Mpaka mama akafariki kule, hukukosa Jumamosi.

Rwamba alikuja kwenye mazishi yako. Usiku haukuwa umeingia, tulikuwa tunaosha vyombo, nikamuuliza: siku ya kuvuka, wewe na mama mlisemezana nini pale ufukweni kwao? Akafuta mikono. Akasema ulimwambia mama, "Siku ukichoka na huku, washa moto hapa kwa maji. Jumamosi nitakuwa nimekaa upande ule, nitaona moshi, nitakuja." Na mama akakubali.

"Na hakuwahi kuuwasha?" nikamuuliza.

"Hakuwahi. Na sisi pia alitukataza. Jumamosi hakuna kuchoma takataka, hakuna kupika nje. Tulikuwa tunapikia ndani, tunalia na moshi. Alikuwa anasema, 'Kijana wangu amekaa pale. Akiona moshi atavuka bure.'"

Mume wangu, nilikaa chini pale pale kati ya sufuria. Nilikuonea fahari, na nilikuonea huruma, na niliona wivu pia, maana mlikuwa na mazungumzo yenu kila wiki na hakuna aliyesikia neno.

Pumzika sasa, Baba Wanja. Siku yangu ikifika, sitawasha moto ili uje kunichukua. Nitakuja mwenyewe.

Ni mimi mkeo,
Mama Wanja