Jina la Kuitwa Mlangoni

Nyuma ya Stesheni ya Reli,
Dong Dang, Lang Son.
9 Machi 2003

Mpendwa Mama Mdogo Nhai,

Shikamoo. U hali gani huko Dak Lak, na Baba Mdogo Thuc hajambo? Mgongo wake umepata nafuu? Hien na mdogo wake wanaendeleaje na masomo, na mibuni imeshatoa maua? Huku tu wazima, tena wazima wa kusukumasukuma. Presha ya Mama inapanda na kushuka itakavyo, magoti yanamsumbua, lakini bado anaamka kabla ya jogoo na kutwanga mchele wake wa kunata. Mimi mwili hauna neno. Mengine utayasoma.

Kwanza nikuombe radhi. Tangu mwezi wa Oktoba nimekununia. Nilikuandikia barua mbili, hukujibu hata moja, nikakusema jikoni, nikakusema sokoni, nikakusema hata mbele ya kaburi la Bibi, kwamba tangu upate shamba la kahawa umetusahau. Kumbe barua hazikukufikia. Zilikokuwa nitakwambia mbele, ila watu wa posta usiwalaumu.

Ukungu mwaka huu umetukalia. Tangu mwaka mpya hatujaona kilele cha mlima hata siku mbili mfululizo. Nguo hazikauki, kuta zinatoka jasho, na malori ya matikiti yanapanga foleni kuelekea lango la mpaka yakiwa yamewasha taa mchana. Dirisha langu ni lile lile ulilokuwa ukichungulia treni kabla hujaondoka. Nina miaka ishirini na saba, Mama Mdogo, na sijawahi kulala nje ya mkoa huu hata usiku mmoja.

Sababu unaijua, maana ni wewe uliyenibeba mgongoni siku ile. Mama alikuwa hoi kitandani baada ya kunizaa, mimi nalia usiku na mchana na kukataa ziwa, Bibi akaona nitakufa. Ukanipeleka hekaluni ukaniuza kwa Mama wa Msitu, mungu wa milima hii, nikawa mwanawe, nikapewa jina la huko, nikapona. Ahsante kwa hilo, na naisema kwa moyo mmoja. Lakini mtoto aliyeuzwa anapofika miaka kumi na mitatu, wazazi hurudi kumkomboa. Mimi Mama aliniambia sikukombolewa. Alisema vita viliparaganya kila kitu, wewe ulishaondoka, na ni wewe peke yako uliyejua ni hekalu lipi na nilipewa jina gani. Na mtoto wa hekalu asiyekombolewa, akivuka mlima, mwenye mali humwita arudi.

Niliamini. Nilipopata nafasi ya chuo cha ualimu Thai Nguyen nilipanda basi, na hatujafika hata mjini Lang Son homa ikanishika, nikatapika, nikashushwa. Mama alinipokea mlangoni bila kuuliza kitu, uji umeshaiva. Miaka minne baadaye nilipata kazi Hanoi, na safari hiyo sikufika hata kituoni. Nilikaa kitandani nikisubiri homa ije, na ikaja kweli.

Sasa kuna mtu anaitwa Khai. Ni wa ukoo wa Vi, fundi wa mashine katika kiwanda cha chai huko huko Thai Nguyen, mwembamba, mcheshi, na anakula utadhani chakula kingine anakihifadhi miguuni. Ameleta posa. Mama alimpokea vizuri, akamkarimu bata wa kuchoma, kisha akamweleza mama yake, kwa upole kabisa, kwamba binti huyu hajakombolewa.

Mama mkwe si mtu mbaya, ila ni mtu wa taratibu. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mimi sichukui mtoto wa watu bila kumwuliza mwenye mali. Nikomboleeni kwanza." Akatoa muda mpaka siku ya kufagia makaburi, tarehe tano Aprili. Ikipita, posa inarudi.

Basi ndipo nikakuandikia zile barua, kukuuliza hekalu na jina. Ulipokaa kimya nikaona nisife na dukuduku moyoni. Tangu sikukuu ya mwaka mpya, kila Khai akipata ruhusa anakuja na pikipiki yake, tunajifunika koti la mvua la plastiki la kuvaa watu wawili, tunazunguka mahekalu.

Tulianza na hekalu kubwa hapa mjini, siku ya sherehe yake ya mwaka, kosa kubwa. Watu walikuwa wamejaa mpaka ngazini, nguruwe wa kuchoma wanapita juu ya vichwa, moshi wa udi na ukungu huwezi kuvitenga. Mzee mmoja wa pale alinisikiliza kwa subira, akauliza jina langu la hekaluni. Nikasema ndilo ninalolitafuta. Akacheka mpaka akakohoa. Aliniambia kwamba waliouzwa pale ni wengi kuliko matikiti ya mpakani, na bila jina hata Mama wa Msitu mwenyewe angenipita bila kunijua.

Tukaenda mapangoni. Unayakumbuka yale mapango, maji yanavyodondoka kutoka kwenye jiwe kama paa linalovuja na hakuna wa kuliziba? Altare iko ile ile, na ziwa dogo la ndani bado baridi la kukata vidole. Mtunza pango hakujua kitu. Tulipotoka nje ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, Khai akanionyesha yule Mke wa Jiwe juu ya kilima, na mtoto wake, bado anamsubiri mumewe. Ulipokuwa hapa alikuwa jiwe kweli. Mwaka wa tisini na moja alianguka, wakamjenga upya kwa saruji. Khai alisema ni uaminifu ulioje. Nikamwambia yule mwanamke alishachoka akaanguka, watu ndio waliokataa apumzike. Tukashuka mpaka mtoni.

Mahekalu mengine matano sitakusumbua nayo. Kote walikuwa wema, kote waliniuliza jina, na kila niliporudi Mama alikuwa ameniwekea maji ya moto ya miguu. Alikuwa akiuliza, "Mmepata?" Nikisema hatujapata, ananisugua nyayo. Ilinifurahisha vile alivyokuwa akinisugua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumapili iliyopita tukapanda mlima Mau Son. Njiani hatukuona zaidi ya hatua tano mbele, nikawa nashuka nashika taa ya mkononi natembea mbele ya pikipiki, Khai ananifuata polepole. Mipichi imechanua, lakini ua ulikuwa huwezi kuliona mpaka likuguse shavu. Karibu na juu, pembeni ya chemchemi, kuna hekalu dogo la mawe, la kulala watu wawili. Anayelitunza ni bibi wa kabila la Wadao mwenye kilemba chekundu na meno matatu.

Sikuwa na sadaka ila mikate ya mchele wa kunata na pakanga niliyoichukua jikoni kwetu asubuhi, iliyofungwa kwa majani ya mgomba na Mama mwenyewe. Nikaiweka. Yule bibi akaitazama, akauchukua mmoja, akaugeuza upande wa fundo. Unajua Mama anavyofunga, fundo mara mbili kisha ncha anaichomeka ndani. Bibi akaniambia mikate hii anaila kila mwaka, mwezi wa kwanza, na mwaka huu ameshaila. Akaniuliza mimi ni nani kwa yule mama wa Dong Dang anayechechemea.

Mama Mdogo, mimi nilidhani kila mwezi wa kwanza Mama huenda kwa daktari wa magoti.

Nikamweleza shida yangu. Bibi akaingia ndani akatoka na mkebe wa biskuti umeota kutu. Akasema karatasi za watoto wasiokombolewa zimo mle, hajatupa hata moja, vita vilipokuja aliukimbiza mkebe msituni akaacha vyungu vyake. Zilikuwa tisa. Akazisoma moja moja, mwaka na mwezi wa kuzaliwa. Yangu haikuwamo. Nikamwambia Khai twende zetu, hapa si penyewe.

Bibi akanishika upindo. "Kaa chini, we mtoto. Isipokuwamo humu imechomwa, na haichomwi mpaka mzazi aje."

Akanieleza. Alikuja Mama, mwaka wa themanini na tisa, peke yake, kwa miguu. Siku zile kupeleka mtoto hekaluni kulikuwa na maswali ya serikali, kwa hiyo hakuja na mimi, alikuja na blauzi yangu ya shule, nyeupe, imekosa kifungo kimoja. Akasimama mlangoni akaita jina langu la nyumbani mara tatu, bibi akaitoa blauzi nje, karatasi ikachomwa. Basi. Nikamwuliza sasa Mama huja kufanya nini kila mwaka. Akasema huja kuomba radhi, analia kidogo, anaacha mikate, ila kosa lake halisemi.

Blauzi ile naikumbuka. Niliitafuta siku nzima, nikagombezwa kwa kuipoteza.

Miaka kumi na minne niko huru, na homa zile zote nilizitengeneza mwenyewe. Khai alitaka kucheka kwa furaha, akaniona uso akaacha.

Nilimkuta Mama jikoni anafunga mikate. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njia nzima, ya kumkata maini. Nilipofika nilisema tu kwamba nimetoka Mau Son, na kwamba mkebe nimeuona. Hakuruka, hakukana. Alimaliza fundo lililokuwa mkononi, akachomeka ncha. Nikamwuliza kwa nini.

Akasema, "Wewe nilikukomboa. Mimi, nani alikuja?"

Ndipo akaniambia la kwako, ambalo sikuwahi kuambiwa. Kwamba mwaka wa themanini na saba Bibi, mama yenu, alikuwa ameanguka kitandani, Baba ameshafariki, nyinyi ndugu wawili mkakubaliana kumtunza kwa zamu. Wewe utangulie Dak Lak ukatafute maisha, mwakani urudi umpokee, naye aende zake. Alikuwa na mahali pa kwenda, Mama Mdogo. Hakuniambia ni wapi, wala kwa nani, na sikumwuliza. Bibi aliishi miaka kumi na moja kitandani. Mama alipoona mwakani haiji, akanitazama mimi nakua, akajua nami nitapanda treni kama ulivyopanda. Akaninyamazia. Anasema kila mwaka alitaka kuniambia, na kila mwaka akaona bora mwaka mmoja zaidi.

Kisha akainuka, akauinua mtungi wa mchele, akatoa barua zangu mbili. Nilikuwa nampa yeye akazipeleke, maana posta iko njiani kwake kwenda sokoni. Hakuzifungua. Alizifuta unga akanipa, akasema stempu bado zinafaa.

Nilikasirika siku tatu. Nilikula kwa jirani. Siku ya nne nikamsikia anajitahidi kunyanyua ndoo, anapumzika, ananyanyua tena, nikatoka nikamnyanyulia.

Bibi wa Mau Son ameshatuma neno kwa mama mkwe, naye ameridhika. Harusi ni tarehe kumi na saba Aprili. Mama ameanza kunishonea shuka. Kila mtu ananiambia hongera, umefunguliwa. Nami usiku nalala macho. Nilipokuwa mali ya Mama wa Msitu nilikuwa na wa kumlaumu. Sasa mlango uko wazi, na aliyekaa ndani ni mama yangu, ana miaka hamsini na minane, anachechemea, na hajui kusoma vipimo vya dawa zake. Sikutishi, Mama Mdogo, ila najijua: usipokuja sitaondoka. Nitavaa nguo za harusi, nitafika stesheni, na homa itanishika.

Sikuandikii nikuhukumu. Ulikuwa na miaka ishirini na saba, na mwakani ni neno jepesi. Lakini mwakani yako bado anaisubiri. Amesema kwa kinywa chake, nilipombana, kwamba Dak Lak kuna joto na magoti hupenda joto, kisha akageuka akajifanya anachochea moto.

Njoo kabla ya harusi. Usije na zawadi. Usiingie ndani moja kwa moja. Simama mlangoni umwite mara tatu, kwa lile jina lake la utotoni mlilokuwa mkiitana mkilala kitanda kimoja. Mimi silijui, ameniambia limekwenda na wewe, na hapa hakuna mwingine aliyebaki wa kumwita hivyo.

Msalimie sana Baba Mdogo Thuc, mwambie namhitaji na mgongo wake wote, kuna meza za kubeba. Wasalimie Hien na mdogo wake, na yule jirani wenu aliyetuletea picha zenu. Khai anakusalimu ingawa hamjuani. Mama hajaniambia nikusalimu, ila amekaa hapa tangu nianze kuandika na amenunua bahasha.

Mababu wawalinde barabarani, na ukungu uwafungukie mfike salama.

Barua hii naipeleka posta mimi mwenyewe, kwa stempu ya Oktoba.

Ni mimi, mwanao wa mgongoni, akupendaye hata akikununia,

Mien