Jumeli za marehemu

Mama Fifi, unakumbuka jirani yangu Henriette aliniuliza pa kilio: "Zile jumeli za bwana yako, za kuonea nyama ya mbali, utamupa nani?" Nilisema simupi mutu. Kisha Blanchard, mudogo wa marehemu, akaniomba sana, nikamuazima.

Leo amerudi toka pori ya Tenke, nyama muzima, swala kubwa, imefungwa juu ya pikipiki. Anacheka! "Shemeji, nimeua palapala dume, muzee kabisa!"

Dume! Mama Fifi, mi niliona chuchu. Maziwa ilikuwa ingali inatoka!!

Nikamuuliza: "Uliangalia nini na jumeli?"
"Pembe, shemeji. Pembe murefu!"

PEMBE! Hata palapala jike iko na pembe! Marehemu alimufundisha mbele yangu: ngojea igeuke, angalia shingo kama ni nene, angalia ngozi kama imekuwa nyeusi. Hii ilikuwa na rangi ya chai!

Anasema: "Nyama ni nyama. Na kwa desturi, bitu bya kaka ni byangu. Jumeli sirudishi."

Nyama ni nyama! Na katoto kenye kalikuwa kananyonya, kako wapi saa hii? Mungu anisamehe, nilipaza sauti mpaka majirani wakatoka.

"Kaka yako alikuwa anarudi mikono mitupu, juu ya kutoona muzuri kama ni dume. Hakuona haya. We unaona haya kungojea! Toa jumeli shingoni."

Akanitazama. Nikanyoosha mukono, sikuushusha.

Akazitoa, akaniwekea mu mukono, akatoka.